Msaada wadau wa UK: mteja anataka sera ya utumwa wa kisasa, na kuna jamaa anataka hela ya vibarua watano ipitie kwake

mkata_majani
Wakuu habari za humu. Nina kikampuni cha bustani huku Midlands, tunafyeka majani, tunapunguza michongoma, tunaweka patio, watu wa kudumu ni wachache ila kuanzia Aprili naongeza vibarua. Sasa shirika moja la nyumba za kupangisha wanataka kunipa maeneo yao yote niyatunze, kwenye fomu zao wanauliza nina sera gani kuhusu utumwa wa kisasa na nahakikishaje wafanyakazi na wauzaji wangu wako safi. Sera za kunakili zimejaa mtandaoni unabadilisha jina la kampuni unatuma, mimi sitaki hivo maana hii kitu naiona mbele ya macho yangu. Kuna jamaa wiki hii kaniletea wanaume watano, anawashusha na van asubuhi anawachukua jioni, wanachapa kazi kweli ila hawaongei, ukimuuliza mmoja jina lake anamwangalia kwanza mwenzake. Nimeomba akaunti ya benki ya kila mtu, jamaa kasema niweke zote kwake atawagawia mwenyewe. Malipo ni Ijumaa. Je sheria inanihusu na udogo wangu huu? Nianzie wapi? Alafu mawe na glavu ninazonunua nitajuaje zimetoka wapi?

BiMkubwa_Leeds
Mdogo wangu umefanya vizuri kuuliza kabla ya Ijumaa. Mimi niko idara ya manunuzi, fomu kama hizo nazisoma kila wiki. Sheria ya Modern Slavery Act ya 2015 inayataka makampuni yenye mauzo ya pauni milioni 36 kwa mwaka kwenda juu yatoe taarifa kila mwaka, wewe haikulazimishi hiyo taarifa ila wateja wakubwa wanakushukia na maswali kwa sababu wao wanabanwa. Lakini kumtumikisha mtu kwa nguvu ni jinai kwa kampuni yoyote ile, iwe na watu wawili au elfu mbili.

Hao watano wako, kumlipa wakala kwa ankara sio kosa lenyewe, watu wanafanya, ila ukiunganisha na hayo mengine, van, ukimya, kuangaliana kabla ya kujibu, hiyo ni dalili nzito. Na usiridhike hata wakileta akaunti za majina yao. Kuna kesi kubwa ya hapohapo West Midlands, polisi waliiita Operation Fort, genge lilikuwa linawatoa watu Poland, wengi hawana makazi au wametoka jela, wakifika wanapelekwa benki wanafunguliwa akaunti kwa majina yao halisi alafu kadi zinabaki kwa genge. Hukumu zilitoka 2019, walioathirika walikadiriwa zaidi ya 400, na walikuwa wanafanya kazi sehemu halali kabisa yakiwemo mashamba. Kwahiyo angalia namba ya simu moja inayojirudia kwa watu wote, anwani moja, akaunti moja. Pasipoti unaiangalia, unatoa kopi, unamrudishia mwenyewe mkononi palepale.

mtoto_wa_Likoni
Kaka mimi nimefanya bustani Ghuba kabla ya kuja huku, namwagilia nyasi za hoteli kwenye jua lile unalolijua. Ajenti wa Mombasa nilimlipa hela ambayo nyumbani walikopa kwa dhamana ya shamba, nikafika pasipoti ikachukuliwa, mshahara ukawa mdogo kuliko wa kwenye mkataba. Hakuna aliyenifunga mnyororo. Deni ndio lilinifunga, ningerudi Likoni mikono mitupu shamba limekwenda. Wakaguzi walikuja wakauliza mbele ya msimamizi "mna furaha?" sote tukasema ndio.

Ukitaka ukweli muulize mtu akiwa peke yake, bila huyo wa van wala mwenzake wa kumtafsiria. Muulize nani alilipa tiketi, unadaiwa kiasi gani, unalala wapi, kitanda unalipia kwa nani. Kwa sheria ya Uingereza wakala haruhusiwi kumtoza mtu hela ya kumtafutia kazi, ikitajwa hiyo ada ujue kuna jambo. Weka hayo maswali kwenye sera yako na uandike nani anauliza, siku gani, wapi.

fundi_mawe
Kwenye vifaa usijitese na kila msumari, anza na mawe. Yale mawe ya kahawia ya patio mengi yanatoka Rajasthan India. Huko watoto wamekutwa wakichonga vile vipande vidogo vya njiani, eneo kama Budhpura linajulikana kwa hilo, na wachimbaji wanachukua hela ya mbele kwa tajiri wa machimbo kisha wanashindwa kulimaliza deni, vumbi nalo linawaua mapafu. Muulize muuzaji jina la machimbo na nani anachonga, sio jina la bandari. Akishindwa kutaja hata kimoja mimi nanunua mawe ya hapahapa hata kama bei inauma.

Glavu za mpira nyingi ni za Malaysia. Mwaka 2020 Marekani ilizuia glavu za Top Glove, wafanyakazi wa Bangladesh na Nepal walikuwa na madeni ya ada za ajira, kampuni ikawarudishia hela zao na 2021 zuio likaondolewa. Yani mnunuzi akikaza hela inarudi kwa mwenyewe. Kwenye miche uliza kitalu wanapata vibarua kwa nani, wakala wa kupeleka watu mashambani na vitaluni lazima awe na leseni, sheria ya 2004 baada ya wale waokota kombe za baharini wa Kichina kufa maji Morecambe Bay, pwani ya hapa Uingereza, na orodha ya wenye leseni iko wazi mtandaoni.

mkata_majani
Asanteni sana ndugu zangu. Sasa dada, nimkabili huyo jamaa kwanza? Na wale watano wakikataa polisi?

BiMkubwa_Leeds
Hapana usimkabili, atawahamisha usiku huohuo na hutawaona tena. Leo piga Modern Slavery Helpline 08000 121 700, waeleze ulichoona na ulichoambiwa, namba ya van uwe nayo. Ukiona hatari ya papohapo ni 999. Waulize pia kuhusu malipo ya Ijumaa, usizuie hela ya watu na usimpe huyo jamaa kabla hujaongea nao. Mtu mzima haingizwi kwenye mfumo wa kusaidiwa bila kukubali mwenyewe, kwahiyo usimlazimishe wala usimuahidi mambo ya viza usiyoyaweza. Mpe namba kwa siri, kwenye kikaratasi kidogo asichoonekana nacho. Fomu ya mteja nitumie inbox kesho tuijaze pamoja.