Eti mimi nikabadilishe WINO! Huyu "mtaalamu" wa swichi hapa Arusha atanitoa roho

Chalii_wa_Sakina (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Wasimamizi, msiuhamishie uzi huu jukwaa la vichekesho. Nina hasira za kweli, mikono inatetemeka mpaka nimeandika "wakuu" mara tatu.

Simtaji. Watu wa Arusha mnamjua. Yule wa laptopu mbili na kizibao cha mifuko arobaini, anayezunguka maofisi ya utalii kuanzia Mnara wa Saa mpaka Njiro, akiingia anamsalimia hata mlinzi kwa Kiingereza. Huyo huyo. Leo kaniambia NIKABADILISHE WINO. Mbele ya bosi. Mbele ya dada wa mapokezi. Mbele ya wageni wa Kijerumani wasiojua Kiswahili, na bado wakacheka!

Kaja kutufungia swichi mpya ya mtandao, ile inayounganisha kompyuta za ofisi. Nikamwomba kwa adabu: kaka, niwekee SNMP (njia ya kuuliza hali ya vifaa vya mtandao) vizuri niiunganishe na Zabbix, programu yangu ya kufuatilia vifaa, nijue porti ipi, yaani tundu lipi la waya, imekufa kabla bosi hajanipigia usiku wa manane. Akagongagonga, akafunga laptopu: "Tayari." Nikaingia kuangalia, nakuta mstari huu:

snmp-server community public RW

Public! Halafu RW! Jina linalotumika kama nywila, na dunia nzima inalijua, na ruhusa ya kusoma NA kuandika. Toleo la 2c la SNMP halifichi hata herufi moja, mwenye Wireshark, programu ya kunasa data za mtandao, anajisomea tu. Orodha ya anwani zinazoruhusiwa, hakuna. Na Wi-Fi ya wageni iko VLAN (kipande cha mtandao) hiyo hiyo ya swichi! Umefunga geti kwa kufuli la kilo tano, halafu ufunguo umeutundika pale pale getini. Mtalii anayesubiri gari la Serengeti, juisi ya ukwaju mkononi, anatuma namba 2, yaani "zima", kwenye ifAdminStatus, kitufe cha kuwasha na kuzima porti, porti ya kaunta ya malipo inalala.

Nikamwambia taratibu: weka toleo la 3, authPriv, yaani kuthibitisha mtumiaji kwa SHA na kuficha data kwa AES, halafu seva yangu peke yake ndiyo iruhusiwe kuuliza kwenye porti 161, mlango wa maswali ya SNMP. Akanipandisha macho kuanzia viatuni. "Dogo, si wewe wa printa? Nenda kabadilishe wino."

Wino, wakuu. Mimi nina mke na shamba la migomba. Na printa yenyewe ni ya LEZA, inakula tona, haijawahi kuonja wino tangu izaliwe!

Bosi naye: "Wasikilize wataalamu." Wino!!!

Mangi_Asiyelala
Pole sana mkuu. Sasa ulibadilisha au hukubadilisha?

Mama_Ngaramtoni
Namjua huyo! Kwetu aliacha public vilevile. Nikamuuliza, akasema ndivyo ilivyotoka kiwandani, tusimkosoe aliyeitengeneza.

Bit_na_Baiti
Mleta uzi naye asituchoshe. Toleo la 3 ni kiwango rasmi tangu 2002, leo ndiyo unalilia? Tena ukiliwasha kwa noAuthNoPriv, bila kuthibitisha wala kuficha, hujafanya kitu, umeongeza jina la mtumiaji tu.

Chalii_wa_Sakina
@Bit_na_Baiti nimeandika authPriv, vaa miwani. Na hukuwepo Wajerumani walipocheka.

Bit_na_Baiti
Nimevaa. Trapu, zile taarifa ambazo swichi inazituma yenyewe, umezielekeza wapi? Porti 162 ya kuzipokea umeifungua kwenye seva? Kimya. Huyo fundi alikuona.

Mangi_Asiyelala
Tuache ugomvi. Hiyo leza inakula tona namba ngapi? Ninazo hapa Moshi, bei ya kirafiki, natuma kwa basi.

Mjomba_Kijenge
Bora nyinyi wa swichi. Mimi fundi wa kisimbuzi kapanda juu ya bati, kashuka, chaneli hakuna na bati linavuja. Masika hii nalala na ndoo tumboni.

Mangi_Asiyelala
Hao ndio mafundi wa Arusha. Njooni Moshi muone kazi.

Mjomba_Kijenge
Moshi ipi? Hiyo ambayo shemeji yangu alijengewa choo fundi akasahau kuacha nafasi ya mlango?

Chalii_wa_Sakina
Jamani, tulikuwa kwenye wino.

Mama_Ngaramtoni
Wino utasubiri. Mimi fundi cherehani wa pale Kilombero kanikatia kitenge cha harusi ya Jumamosi, mkono mmoja mrefu kuliko gauni, na simu kazima.

Mjomba_Kijenge
Mama, ni yule mwenye kipara na redio? Kaunda suti yangu iko kwake tangu Pasaka! Kesho twende wote asubuhi, tumkute kabla hajatoka kunywa chai.