44 kwa 21? Nani kawafundisha kuwapima warushaji hivyo?

Wakuu,

Nimejizuia tangu asubuhi, nimeshindwa. Kuna uchambuzi wa World Series ya 2024, fainali ya besiboli ya Marekani kati ya Yankees wa New York na Dodgers wa Los Angeles, unazunguka kwenye magrupu, umeshafowadiwa mpaka simu yangu imechoka. Mwenye nao kachukua warushaji wanne wa kuanza wa Yankees (wale wanaofungua mechi kwa kuwarushia mpira wapigaji wa upande wa pili), kajumlisha ushindi wao wa msimu huu wa 2024: Cole 8, Rodón 16, Schmidt 5, Gil 15. Jumla 44. Kahamia Dodgers: Flaherty 13, Yamamoto 7, Buehler 1. Jumla 21. Chini kaandika "kazi imeisha" na vikombe vitatu vya dhahabu.

Kabla hamjanirukia, mimi ni Yankees. Nilikaa New Jersey miaka sita, kofia ninayo hadi leo, na tangu 2009 sijaonja ubingwa. Ndiyo maana nina hasira. Hizi ni hesabu za gulioni, mwenye fungu kubwa ndiye kauza.

Hivi mnajua mrushaji anaandikiwaje ushindi? Aliyeanza lazima amalize awamu tano kati ya tisa, atoke timu yake ikiwa mbele, na timu isipoteze uongozi huo mpaka mwisho. Wenzake wasipofunga, hapati kitu hata akirusha kama malaika. Ni sawa na kipa kufungwa bao moja, washambuliaji wakakosa penalti mbili, halafu kwenye daftari aandikwe kipa ndiye kashindwa. Kwenye mpira wetu mtu akileta hoja hiyo kijiweni anafukuzwa na kahawa yake inamwagwa.

Mfano wa karibu, tena unatuhusu sisi wenyewe. Juni 7 mwaka huu Yamamoto alikuja Bronx, uwanjani kwetu Yankees. Awamu saba, hatukumfunga hata mkimbio mmoja (ndiyo bao la besiboli), tukapata hit mbili tu, yaani mipigo ya kumfikisha mpigaji kwenye besi. Niliamka usiku kuangalia na nilijuta. Katoka ubao unasoma 0-0, Dodgers wakaja kutumaliza 2-1 kwenye awamu ya 11. Kwenye ile hesabu ya 21, usiku ule unahesabika sifuri. SIFURI! Alichotufanyia hakimo kabisa. Na hizo 7 zake ni chache kwa sababu bega lilimweka nje kuanzia Juni mpaka Septemba. Kaanza mechi 18 tu.

Kwa wanaotaka ushahidi wa zamani, nendeni kwa Jacob deGrom wa 2018, mrushaji wa Mets, timu nyingine ya New York. Kashinda 10, kapoteza 9. Kwa macho ya mchambuzi wetu huyo ni mrushaji wa kawaida. Wastani wa mikimbio aliyofungwa ulikuwa 1.70 kwa kila awamu tisa (ukiwa mdogo ndiyo mzuri), na akabeba Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa mwaka. Mets walikuwa hawamfungii, basi.

Sasa turudi kwa hawa wetu mnaowavisha taji. Rodón kashinda 16, sawa. Wastani wake 3.96. Kafungwa homrani 31, ile mipigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja. Ushindi wake mwingi umebebwa na wapigaji wetu, Judge aliyepiga homrani 58 na Soto aliyepiga 41. Hata mimi ningeshinda kadhaa nikiwa na hao nyuma yangu (natania, ningevunjika mkono kwenye mrusho wa tatu). Simpondi, mechi ya kwanza ya nusu fainali na Cleveland alirusha vizuri sana, awamu sita, wapigaji tisa akawatoa kwa straiki, yaani walishindwa kumpiga. Lakini mechi ya pili anaingia Dodger Stadium, mbele yake wapigaji wao hatari, Ohtani, Betts na Freeman. Mrushaji anayeachia homrani kiasi hicho ananitia tumbo joto, na hiyo 16 hainisaidii kulala.

Gil naye, 15. Mbona hamsemi kwamba kagawa besi za bure 77 kwa kurusha nje ya eneo? Halafu Schmidt mnayemdharau kwa 5 zake ndiye mwenye wastani mzuri kuliko wote wanne, 2.85. Aliumia, hakuanza mechi nyingi, ndiyo hadithi yote. Na Cole "8 tu"? Kiwiko kilimweka nje mpaka Juni 19! Huyu ndiye Cy Young wa mwaka jana, 2023, kwa kura zote. Kwa hesabu yenu Cole ni nusu ya Rodón. Jamani.

Kwa Flaherty sitawabishia sana, maana hata mimi simwelewi. Kwenye mechi ya kwanza ya nusu fainali na Mets kawazima awamu saba bila mkimbio. Siku tano baadaye wale wale wakamfunga nane ndani ya awamu tatu. Atakuja yupi kesho, muulizeni mama yake. Ila mjue pia kwamba 7 kati ya zile 13 alizipata akiwa Detroit kabla hajauzwa mwisho wa Julai, kwa hiyo mmejumlisha mpaka mali ya timu nyingine.

Kilichonitoa povu hasa ni Buehler. Mmemchora katuni. Kashinda 1, kapoteza 6, wastani 5.38, ni kweli, msimu wake wa kawaida ulikuwa mbovu na sitautetea. Lakini huyu anatoka kwenye upasuaji wa pili wa kiwiko, ule wa 2022. Wiki iliyopita kaenda New York kwa Mets, awamu nne, sifuri. Na 2018, kwenye World Series, mechi ya tatu, aliwafungia Boston mlango awamu saba. Mechi ya tatu! Na safari hii anapewa mechi gani? Ya tatu, kwetu Bronx. Mimi nikiwa Boone, kocha wetu, simdharau hata kidogo.

Na mechi ya nne ndiyo kituko. Dodgers hawana hata mtu wa kuanza, watatoa benchi zima la warushaji zamu kwa zamu kama walivyofanya na Mets. Warushaji wao Glasnow, Kershaw, Stone, Gonsolin, wote majeruhi, na Ohtani, ambaye kwa kawaida hupiga na kurusha pia, mwaka huu wa 2024 harushi. Hapo ndipo penye nafasi yetu ya kweli, na uchambuzi mzima haujaigusa kwa neno moja, kwa sababu huwezi kujumlisha ushindi wa mtu asiyekuwepo.

Mchezo ni saa tisa na dakika nane usiku kwa saa zetu, kuamkia Jumamosi, Oktoba 26, 2024. Mwenye nguvu ya kubisha aje hapa kabla ya hapo, na asije na 44. Aje aniambie Rodón atamrushia nini Ohtani wakimbiaji wakiwa wawili kwenye besi.