Ukurasa umepita maswali yote matano, na bado unadanganya. Nifundishe vipi?

MwalimuWaJeo (Bukavu)
Salamu walimu wenzangu. Nafundisha jiografia mwaka wa tano, hapa Kadutu. Niliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani juu ya gesi ya Ziwa Kivu. Kila mmoja alete ukurasa wa intaneti alioutumia, akiwa ameupitisha kwenye yale maswali matano ya kila mwaka: nani ameandika, lini, anwani inaishia na nini, kuna marejeo, kuna makosa ya lugha?

Binti mmoja, mwenye bidii kweli, kaniletea ukurasa wa Kifaransa unaosema ziwa letu litalipuka karibuni. Mwandishi ana "Dr" mbele ya jina. Tarehe ipo. Anwani ni .org. Marejeo yamepangwa safi, lugha imenyooka kuliko ya gazeti. Tano kwa tano! Mwenzake aliyetumia Wikipedia akajipa mbili, maana hakuona jina la mwandishi, na alichokisoma pale kilikuwa sahihi.

Karatasi hii naona inawafundisha kumwamini yeyote aliyevaa suti. Ninyi mnafanyaje? Mkumbuke simu haziruhusiwi shuleni, na mega (data za intaneti) ni za kununua.

MtunzaVitabu (Lubumbashi)
Mwalimu, karatasi hiyo inamfungia mtoto ndani ya ukurasa, na ukurasa unajisifu wenyewe. Hiyo .org haithibitishi kitu, yeyote mwenye pesa kidogo anainunua. Hata .cd yetu haimaanishi mwandishi yuko Kongo.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utafiti mwaka 2017. Waliwapa tovuti wanahistoria 10 wenye udaktari, wanafunzi 25 wa chuo hicho na wahakiki wa habari 10. Wasomi wengi walibaki kwenye ukurasa, wakaukagua juu mpaka chini, wakanaswa na nembo na majina makubwa. Wahakiki waliutupia jicho tu, wakatoka kuuliza kwingine: hawa ni nani, watu wanasema nini juu yao? Tovuti mojawapo ilikuwa ya American College of Pediatricians. Ukisikia jina utadhani ndicho chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, kumbe ni kikundi kidogo cha tangu 2002. Chama kikubwa ni American Academy of Pediatrics, cha tangu 1930. Ukikaa ndani ya tovuti yenyewe hutalijua hilo upesi.

Basi chukua jina la hiyo .org, litafute, usome yale ambayo hawakuyaandika wao.

ProfKemia (Goma)
Mwalimu, huo ukurasa unasema nini juu ya Nyos?

MwalimuWaJeo
Kwamba mwaka 1986 methani ya Ziwa Nyos ililipuka kule Kamerun, ikaua watu kama 1,700.

ProfKemia
Hapo ndipo pa kumkamatia. Mwaka ni kweli, idadi ni kweli. Lakini Nyos haikuwa methani wala moto. Ilikuwa hewa ukaa, ile ile ya mazuku, mashimo yenye gesi ya kuua tunayowakataza watoto huku kwetu: nzito kuliko hewa, ikateremka mabondeni, watu wakakosa pumzi. Kivu ina zote mbili, hewa ukaa kilomita za ujazo kama 300 na methani kama 60, zimeshikiliwa vilindini na mgandamizo wa maji. Methani hiyo inavutwa pia: kituo cha KivuWatt huko Karongi, upande wa Rwanda, kinatoa megawati 26 za umeme.

Kwa hiyo usiwaulize kama ukurasa ni mzuri au mbaya. Waukate sentensi kwa sentensi, kila moja itafutiwe shahidi wa nje. Na tafadhali, wasitoke wakidhani kila habari ya ziwa ni uvumi. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kutema, tangazo la gavana la kuhamisha sehemu ya Goma lilitaja lenyewe uwezekano wa mlipuko chini ya ziwa. Waliokuja kwenu kwa boti hawakukimbia porojo za WhatsApp. Mimi darasa linaloshuku kila kitu linanitia hofu kuliko linaloamini.

MtunzaVitabu
Juu ya mega: tafuta nyumbani "explosion lac Kivu", usifungue chochote. Nakili ubaoni majina ya tovuti zilizotokea na ile mistari miwili chini ya kila moja. Waulize wangefungua ipi kwanza. Hapa maktabani kijana mmoja alijibu, "Ya juu kabisa, kwa sababu iko juu." Mwenzake akamwonyesha kaneno "Sponsorisé" (yaani tangazo la kulipiwa) nilikokanakili pembeni. Wakabishana mpaka muda ukaisha, na Radio Okapi, redio ya habari ya hapa Kongo, iko pale chini hakuna aliyeigusa.

MwalimuWaJeo
Aksanti sana, wakubwa. Ya ubao naianza Jumatatu, na ukurasa wa binti yule tutaukata pamoja, akikubali. Inabaki shida ya prefe (mkuu wa shule): anataka alama za 0 hadi 20, na ile karatasi ilikuwa rahisi kusahihisha.

ProfKemia
Sahihisha njia. Mtoto aandike: nilianzia hapa, nikatoka nikaenda pale, juu ya hili wanakubaliana, juu ya lile wanapingana. Aliyebaki kwenye ukurasa mmoja, hata ukiwa sahihi, asipite 8. Na yule wa Wikipedia muulize kama alifungua hata rejeo moja la chini.