Kontrola ya akwariumu imeunguza samaki wangu, skrini inaonyesha -127

fundi_ibanda, Bukavu

Jambo bandugu. Munisaidie kuelewa kitu moja kabla sijawasha tena hii mashine, juu siko na moyo wa kupoteza samaki wengine. Niko na akwariumu ya lita 120 yenye samaki wa Tanganyika, wale wadogo wanaoishi ndani ya konokono matupu, mjomba njo aliniletea kutoka Uvira ndani ya bidoni na pampu ya batri ikipuliza njia yote. Hapa kwetu usiku wa kiangazi baridi ni kali, chumba kinashuka mpaka 19 hivi na wao wanataka 25 ao 26, basi nikajenga kontrola mwenyewe: Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa), sensa ya joto DS18B20 ile ya waya mrefu inaingia majini, rilei moja ya buluu (swichi ambayo Arduino inawasha na kuzima), skrini ya mistari miwili na hita ya wati 200. Programu ni fupi, joto likiwa chini ya 25 washa, likipita 26 zima. Miezi 4 ilitumika bila shida.

Juzi naamka saa kumi na mbili asubuhi nakuta kioo kimejaa ukungu. Naingiza mkono, maji ni vuguvugu kama ya kuogesha mtoto. Themometa ya kioo inasoma 33. Taa ya rilei inawaka, hita inawaka, na skrini imeandika -127.00. Samaki 11, 6 wamekufa, wale walibaki wako juu kabisa wanameza hewa. Dume mkubwa nilimukuta kwenye mulango wa konokono yake, kichwa ndani mkia inje. Inaniuma sana.

Je kosa ni rilei, ni skrini ao ni programu? Najua watu wa matumbawe na samaki wa chumvi wanajenga kontrola za hivi hivi kwa wanyama wa bei kali kuliko wangu, wao wanajikinga namna gani?

elektro_himbi, Goma

Pole sana yaya. Skrini yako ni nzima na rilei pia ni nzima, kosa liko kwenye swali ambalo programu inauliza.

-127 si joto. Njo jibu ambalo programu ya kusomea hiyo sensa inarudisha wakati haisikii sensa kabisa, waya umekatika, ao maji yameingia, ao ile rezistansi ya ohmu 4.7k kwenye waya wa sensa imeachia lehemu. Sasa soma tena ulichoandika: "likiwa chini ya 25 washa". -127 iko chini ya 25, basi ikawasha, kiisha ikauliza tena na kupata jibu lile lile mpaka asubuhi. Ilitii neno kwa neno.

Na kuna namba ya pili ya kuogopa, 85. Sensa ikitoka tu kupata moto wa umeme inabeba 85 ndani yake mpaka ipime mara ya kwanza, na kupima kwa usahihi wake wa juu (biti 12) kunachukua milisekunde 750. Ukisoma mbio kabla haijamaliza unapata 85.00, programu inafikiri maji yanachemka. Kwetu huku moto unakatika na kurudi mara ngapi kwa siku, utaiona tu.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, weka mulango: namba ikiwa chini ya 15 ao juu ya 35, hiyo si joto ni ugonjwa wa sensa. Ikirudia mara 3 mfululizo zima hita, piga kengele. Hita izimwe, si iwashwe, juu samaki atavumilia maji kupoa polepole usiku moja lakini kuiva hawezi. Kitu ingine, hizi rilei za buluu nyingi zinawaka pini ya Arduino ikiwa chini (LOW), basi kwenye setup, sehemu ya kuanzia ya programu, andika HIGH kwanza kiisha njo utangaze pini kuwa ya kutoa, la sivyo kila moto ukirudi utaisikia ikilia tak.

matumbawe_lushi, Lubumbashi

Himbi amesema kweli, naongeza upande wa vyuma. Mimi nafuga matumbawe laini, lita 200 za maji ya chumvi, na chumvi yenyewe inanifikia kutoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, kwa hiyo kila kosa hapa ni ghali.

Programu hata ikiwa safi, rilei yenyewe inaweza kukwama. Vidole vyake vya ndani vinatoa cheche kila vikifunguka, siku moja vinashikana kama vimelehemiwa, hapo Arduino inasema zima na hita inaendelea. Dawa yake ni ya zamani na haitaki programu: tumia hita yenye themostati yake (kile kinachokata hita chenyewe joto likifika), zungusha kisahani chake kwenye 27, kiisha kontrola yako iwe ya 25 na 26. Siku zote kontrola njo inafanya kazi, ikishindwa themostati inakata. Walinzi wawili wasiojuana.

Pili, wati 200 kwa lita 120 ni nyingi. Piga hesabu, bila kupoteza joto inapandisha karibu digri 1.4 kila saa, yaani ulipolala iko 25 na asubuhi inafika pale ulipoikuta. Ya wati 100 inapandisha nusu ya hiyo na baridi ya chumba inakula sehemu yake, unapata muda wa kuamka.

Ni wazo lile lile natumia kwenye kujaza maji yanayokauka. Pampu yangu inaongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kuna swichi mbili za kuelea zimefuatana kwenye waya moja, lakini ninachoamini zaidi ni bidoni: ni ya lita 10 tu. Pampu ikikwama usiku mzima, chumvi inatoka gramu 35 kwa lita inashuka 33 na kidogo. Matumbawe yanakasirika ila hayafi. Kama ningeunganisha pampu na pipa la lita 100 leo ningekuwa nalia.

mwalimu_kadutu, Bukavu

Pole fundi wangu. Mimi nafundisha biolojia, nataka uangalie wale walikuwa juu wanameza hewa. Yawezekana si joto peke yake liliwaua, ni pumzi. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na sisi tuko kama metre 1500 juu ya bahari, hapa maji yanashika pungufu karibu sehemu moja ya sita kuliko Mombasa. Kwa hiyo kontrola ikiona ugonjwa wowote, izime hita lakini pampu ya hewa iwake, na hiyo pampu iwe ya batri ya volti 12 siyo ya prizi. Moto ukikatika hita inaweza kungoja, hewa haingoji.

fundi_ibanda, Bukavu

Aksanti sana wote, na mwalimu aksanti mama. Nimepasua waya wa sensa jana jioni, sentimita 3 hivi juu ya kile kichuma shaba imegeuka kijani yote na uzi moja tu ulikuwa umeshika. Nimeweka sensa mbili sasa, zikitofautiana digri 2 inahesabu ni ugonjwa. Hita ni ya wati 100, kisahani kwenye 27. Kiisha nikakaa mbele yake nikaanza kuitesa: nikachomoa waya wa sensa, rilei ikasema tak ikazima, kengele ikalia, pampu ya hewa ikawaka. Nikarudisha. Nikachomoa moto wote, nikarudisha. Mara 10. Wale 5 wamerudi chini, jike moja anasukuma muchanga kwenye mulango wa konokono.

Swali la mwisho, nataka kuongeza sensa ya pH (kipimo cha uchachu wa maji). Dawa za kuisawazisha nimepata ya pH 4 na ya 7 tu, inatosha?

elektro_himbi, Goma

Ya 4 haikusaidii, maji ya Tanganyika yako karibu na 9. Tafuta 7 na 10. Niko na kifuko cha dawa ya 10.01 hakijafunguliwa, nitakutumia na boti ya kesho, andika tu namba ya kupokelea kwenye ujumbe wa siri.