Ushauri: Mzee wa baraza asema Mombasa haikuwa koloni. Nimjibu vipi?

KijanaWaKuze: Asalaam aleikum jamaa. Jana baada ya Isha, kwenye kahawa hapa Mji wa Kale, nilijitia kimbelembele. Mzee mmoja, rika la babu yangu, alisema Mwingereza hakututawala, alitukodi tu. Nami na cheti changu cha historia nikamjibu mbele ya watu kuwa Kenya nzima ilikuwa koloni, ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, basi. Akaweka kikombe chini polepole. "Na ile bendera nyekundu pale Ngomeni, Fort Jesus, ilikuwa ya nani?" Nikakosa la kusema, watu wakacheka. Ijumaa nangojwa na maelezo. Huo uhuru ulipitia hatua gani hasa? Na nimwendee vipi nisimvunjie heshima?

Nahodha_Likoni: Anza kwa kulipia kahawa. Na kashata.

MwalimuMstaafu: Mwanangu, mzee amekushika. Bendera ile ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 Mwingereza alikubaliana naye auendeshe ukanda wa pwani wa maili kumi kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, mbali na riba ya deni. Mwaka 1920 bara ikafanywa koloni, Mwambao, yaani ukanda ule, ukabaki himaya: nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Mwingereza. Ndiyo maana nchi iliitwa "Koloni na Himaya ya Kenya".

Kwa hiyo mafundo yalikuwa mawili. La bara lilifunguliwa London: mikutano ya katiba ya Lancaster House ya 1960, 1962 na 1963, Madaraka (kujitawala kwa ndani) tarehe 1 Juni 1963, kisha sheria ya uhuru ikapita Bunge la Uingereza. La Mwambao halikufunguka kwa sheria hiyo peke yake, maana enzi ilikuwa ya mtu mwingine. Tarehe 5 Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walibadilishana barua. Tarehe 8 mkataba ukatiwa saini London: siku Kenya itakapokuwa huru, Sultani aachie enzi yake juu ya ukanda huo.

Lakini mzee naye asipite bila kuulizwa. Aliyekodi ndiye aliyekuwa akiamua kila kitu. Mpangaji gani huyo?

Bi_Mkaja: Usisahau zile barua ziliahidi nini: mahakama za kadhi zidumu, hati za ardhi zitambuliwe, watoto wa Kiislamu wasomeshwe Kiarabu. Kadhi yumo hata kwenye katiba ya 2010, kifungu cha 170. Ya ardhi niache, nisije nikalia.

MvitaAsilia: Na sisi wenyewe nani alituuliza? Hakukuwa na kura.

MwalimuMstaafu: Kura ya maoni haikuwako, kweli. Alitumwa Sir James Robertson, kamishna wa Mwingereza, mwaka 1961, akasikiliza watu wa Mwambao, waliotaka kujitenga na waliotaka Kenya moja, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya kwa dhamana. Kama kusikilizwa ni kuulizwa, hayo jibizaneni hapo barazani.

KijanaWaKuze: Na Umoja wa Mataifa?

MwalimuMstaafu: Huko ni kuomba uanachama. Baraza la Usalama hupendekeza, Baraza Kuu hukubali kwa theluthi mbili. Kenya iliingia 16 Desemba 1963, siku moja na Zanzibar. Malkia lakini alibaki mkuu wa nchi hadi Jamhuri, 12 Desemba 1964.

Kuhusu heshima: usiseme "nimekuja kukusahihisha". Sema "Mzee, lile swali lako la bendera limenisomesha", kisha nyamaza akupe nafasi.

KijanaWaKuze: Sikungoja Ijumaa, nimetoka huko sasa hivi. Amenisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akanisogezea kashata niliyoinunua mwenyewe. Kisha: "Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10, Kenya tarehe 12. Siku mbili zile sisi tulikuwa wa nani?" Mwalimu, niokoe.

MwalimuMstaafu: Wa Sultani bado, mkononi mwa Mwingereza. Mwambie kahawa ya kesho ni juu yangu, nami naja.