Naomba ushauri: michezo ya kumnyoosha vidole mtoto aliyeungua mkono

Habari zenu wapendwa. Naombeni mawazo, hasa kwa wazazi waliopitia haya na watu wa mazoezi ya viungo.

Binti yangu ana miaka 6. Mwezi wa tatu aliungua kiganja cha kulia kwa uji wa moto, akapandikizwa ngozi. Kidonda kimefunga, ila kovu linavuta: kidole cha pete na cha mwisho vimeanza kujikunja. Tuliambiwa kovu huendelea kuvuta kwa miezi mingi, hivyo avae banzi (kifaa kigumu cha kushikilia vidole vikiwa vimenyooka) usiku na anyooshwe vidole kila siku. Banzi amelizoea. Shida ni mazoezi. Akiniona tu nachukua mafuta ya kumkandia, anaficha mkono kwapani na kulia, nami naishiwa nguvu.

Juzi nilimkuta akicheza bao na bibi yake. Anaokota kete kwa mkono uleule, anazitembeza shimo kwa shimo, na mwisho kiganja kimefunguka kuliko nilivyowahi kukifungua mimi. Machozi yalinitoka. Tangu hapo nimejaribu kusukuma naye unga wa chapati (anaupenda, anabonyeza kwa kiganja kizima). Kudaka mpira wa soksi amekataa.

Michezo gani mingine ya nyumbani inanyoosha vidole, maana bao naona ni kushika zaidi? Na je, mchezo unaweza kuchukua nafasi ya baadhi ya mazoezi, au nisiache hata siku moja kumnyoosha? Kliniki yetu ni baada ya wiki tatu, na mkono huo ndio anaoandikia.