Msaada: kuainisha mawe ya mashapo ya barabara ya Mombasa–Voi

Kokoto_na_Mchanga
Wakuu, salaam. Nina mawe manne ya kufundishia, yote ya kandokando ya barabara ya Mombasa kwenda Voi. Jiwe A ni la ufukweni: jeupe, lina matundu na alama kama nyota. B ni la Mariakani: bapa, la kijivu, chembe ndogo, kama mazeras yanayotandazwa uani. C ni la Maji ya Chumvi, linabanduka kwa mabamba membamba. D ni la Taru, punje kubwa, nyingine zina rangi ya waridi. Nimeyamwagia siki: A limetoa povu, B nalo limetoa kidogo. Je, B ni chokaa? Na niyapange kwa rangi au kwa ugumu?

Tabaka_la_Chini
Rangi weka kando. Wekundu mwingi wa mawe ya mchanga ni kutu ya chuma inayozipaka chembe kwa juu tu. Jiulize kwanza mashapo yenyewe yalitoka wapi: yalibebwa na maji au upepo yakiwa vipande, yalijengwa na viumbe, au yalibaki maji yalipokauka, kama magadi ya Ziwa Magadi. Yaliyobebwa ndiyo unayapanga kwa ukubwa wa chembe: zaidi ya milimita 2 ni changarawe, kuanzia 2 hadi 0.063 ni mchanga, chini ya hapo ni tope.

B si chokaa. Ni jiwe la mchanga ambalo chembe zake zimegandishwa kwa chokaa. Mchanga ulipofukiwa, maji yenye chokaa yalipita katikati ya chembe na kuacha fuwele zilizozishikanisha. Povu linatoka kwenye hiyo gundi, si kwenye chembe. Ukitaka uhakika, ponda jiwe, pima gramu 2 za unga, loweka kwenye mililita 200 za siki siku nzima ukikoroga mara kwa mara, kisha chuja, kausha na upime tena. Mchanga ukibaki mwingi, jibu umelipata. Usitumbukize bonge zima: mililita 100 za siki ya asilimia 5 huyeyusha takriban gramu 4 tu za chokaa, baada ya hapo siki imekwisha nguvu na utadhani jiwe ndilo limegoma.

Nyundo_ya_Kilo
Naongezea C na D. Kwa C, saga kipande kidogo safi kwa meno ya mbele. Kikikwaruza, kuna tope la chembe kubwa kidogo. Kikiteleza kama siagi, ni udongo mfinyanzi. Linabanduka kwa sababu vijibamba vya udongo vililala ubavu chini ya uzito wa tabaka za juu.

D ndilo linalonivutia zaidi. Hizo punje za waridi ni feldispa, madini ambayo hewa na maji huyageuza kuwa udongo mfinyanzi. Kuzikuta bado nzima, tena zenye kona, maana yake hazikusafiri mbali na zilifukiwa haraka. Mto ungezizungusha muda mrefu, zingebaki chembe za kwatsi peke yake, yale madini magumu ya mchanga wa kawaida. Kwa hiyo usiandike "jiwe la mchanga" ukaishia hapo. Andika "lenye feldispa, chembe hazijachambuliwa vizuri", yaani kubwa na ndogo zimechanganyika.

Angalizo: wengi huweka jiwe la kujengea la Nairobi kwenye kundi la mawe ya mashapo kwa kuwa linachongeka na lina mistari. Hilo ni majivu ya volkeno yaliyoshikana.

Kokoto_na_Mchanga
Ahsanteni sana. Na A, nalo liligandamizwa chini ya tabaka nyingine? Ndivyo nilivyozoea kueleza, kwamba mashapo yote hukandamizwa.

Tabaka_la_Chini
Hapana, na hapo ndipo maelezo ya darasani hukosea mara nyingi. Matumbawe hujenga mifupa yao ya chokaa papo hapo baharini, kwa hiyo A lilikuwa gumu tangu mwanzo. Mashimo yalijazwa na vipande vya kombe na mchanga wa chokaa, kisha maji ya bahari na ya mvua yakayagandisha. Halikuhitaji kufukiwa. Miamba mingi ya aina hiyo pwani ni ya takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa.

Wakati wa kuyapanga mezani, fuata barabara: A, B, C, D. Tabaka za huko zinainama taratibu kuelekea baharini, hivyo kadiri unavyopanda kwenda Voi unakanyaga mawe ya zamani zaidi. Taru ndiyo iko chini kabisa, zaidi ya miaka milioni 250. Kila jiwe liandikie mahali na tarehe kwa wino usiofutika siku ileile, maana B na D yakivunjika vipande vidogo huchanganyika kirahisi.